Jinsi ya Kuchagua Jiko Jepesi la Kambi ya Porini kwa Bajeti Ndogo

Anayetafuta jiko la kubeba mgongoni kwa kawaida huanza na gramu zilizoandikwa kwenye boksi, na hapo ndipo fedha zake zinapoanza kupotea. Yapo majiko ya gesi yenye uzito wa gramu 25 tu, na ukiliweka moja kiganjani utashangaa kwamba linaweza kuchemsha chochote. Lakini mgongo haubebi jiko peke yake. Unabeba jiko, nishati, chombo cha nishati hiyo, sufuria, mfuniko, kinga ya upepo na kiwashio, na jiko lenyewe mara nyingi ndilo sehemu ndogo kuliko zote. Kwa maoni yangu, mwenye bajeti ndogo anunue jiko la kawaida lenye umbo zuri, kisha nguvu zake azielekeze kwenye nishati na upepo, kwa sababu hapo ndipo uzito na gharama vinapopungua kweli. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na jiko lenyewe litachelewa kidogo kutajwa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji

Kabla ya kuangalia jiko lolote, chukua kalamu uandike utakachopika kuanzia jioni ya kwanza hadi asubuhi ya mwisho. Wengi wanaolala porini wakiwa na mzigo mwepesi hawapiki kwa maana kamili ya neno hilo. Wanachemsha maji, wanayamimina kwenye chakula kilichokaushwa, wanafunika na kusubiri. Kama wewe ni mmoja wao, mahitaji yako yanapimwa kwa lita. Msafiri mmoja anayetumia nusu lita asubuhi na lita moja jioni atahitaji lita 4.5 kwa safari ya usiku 3.

Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 za Selsiasi kunahitaji takriban kilojuli 335. Kiasi hicho ni kilekile kwa jiko la bei ya juu na la bei ya chini. Tofauti iko kwenye joto linalopotea kabla ya kuingia majini. Kwenye jiko la gesi linalofanya kazi vizuri mahali palipotulia, weka makadirio ya gramu 15 za gesi kwa kila lita. Kwa spiriti, ambayo kila gramu yake ina nguvu ndogo zaidi, weka gramu 30.

Makadirio haya yanabadilika katika hali mbili. Ya kwanza ni theluji: kuyeyusha tu kilo moja ya theluji iliyo kwenye nyuzi sifuri kunakula kilojuli 334, yaani karibu sawa na kazi yote niliyoitaja hapo juu, na bado maji hayo yanaanza kupashwa moto kutoka sifuri. Kwa hiyo anayetegemea theluji kwa maji yake abebe zaidi ya mara mbili ya nishati. Ya pili ni mwinuko. Maji huchemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300, hivyo chakula kinachohitaji kutokota juu ya moto kitachelewa kuiva. Anayepanda juu achague chakula kinachoiva kwa kulowekwa tu.

Hatua ya 2: Chagua nishati kabla ya jiko

Swali la kwanza ni nini kinaruhusiwa unakokwenda. Sehemu nyingi zinazopiga marufuku moto wa wazi wakati wa ukame huruhusu tu majiko yenye vali ya kuzima papo hapo, na hapo spiriti, vidonge vya nishati kavu na kuni vinaondoka kwenye orodha kabla hujaanza kulinganisha bei. Swali la pili ni utapata wapi nishati hiyo. Makopo ya gesi na spiriti havipandi ndege, si kwenye mzigo wa mkononi wala kwenye ule unaokabidhiwa, kwa hiyo msafiri wa mbali huchagua jiko kwa kufuata kinachouzwa mwisho wa safari yake.

Gesi ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Inawaka mara moja, inapunguzwa na kuongezwa kwa kuzungusha kitasa, na ikizimwa imezimika. Ndani ya kopo kuna mchanganyiko wa gesi zilizoshindiliwa hadi zikawa kimiminika, na mchanganyiko huo unastahili kusomwa kuliko jina la kampuni lililoandikwa juu yake. Butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka hadi karibu nyuzi sifuri. Isobutani huendelea hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri. Propani hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kopo lenye butani peke yake ni la bei rahisi na linafaa kwa usiku wa joto, lakini asubuhi yenye barafu litakuacha na cheche bila moto. Kwa matumizi ya misimu yote, tafuta kopo lenye isobutani na propani.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Washa jiko asubuhi ya baridi kisha gusa kopo baada ya dakika tatu: limepoa kuliko hewa iliyolizunguka, na chini ya usawa wa kimiminika kuna mstari wa umande ambao wakati mwingine unaganda na kuwa barafu nyeupe. Gesi inapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye kimiminika kinachobaki, kimiminika kinapoa, shinikizo linashuka na mwali unanywea. Tatizo hili huzidi kopo linapokaribia kuisha, kwa sababu propani hutangulia kutoka na kuacha butani nyuma. Tiba yake haina gharama. Lala na kopo ndani ya mfuko wa kulalia, na wakati wa kupika lisimamishe kwenye bakuli bapa lenye maji ya vuguvugu, kina cha sentimita moja au mbili. Usilipashe kopo kwenye moto hata mara moja.

Angalia pia mdomo wa kopo. Majiko mengi mepesi hufungwa kwenye makopo mafupi yenye hesi. Makopo marefu membamba ya majiko ya mezani hutumia mdomo wa aina nyingine, nayo kwa kawaida ni ya bei nafuu zaidi. Ipo adapta ya kuunganisha aina hizo mbili, na inafaa kwa safari za hali ya joto mradi kopo lilale ubavu kwa mwelekeo ulioelekezwa na mtengenezaji. Kuna aina ya tatu, kopo linalotobolewa na jiko lenyewe na lisiloweza kuondolewa hadi liishe. Hilo liache dukani.

Spiriti ndiyo njia ya bei ya chini kabisa kuingia porini. Jiko lake linaweza kutengenezwa nyumbani kwa makopo mawili ya soda yaliyokatwa na kuingizwa moja ndani ya jingine, likawa na uzito wa gramu 15 hivi, na halina kitu cha kuharibika. Anayetaka la kununua anaweza kutafuta jiko la shaba nyeupe la mtindo wa Trangia, kampuni ya Uswidi iliyoanza mwaka 1925. Hata lililotumika miaka mingi linafanya kazi kama jipya ukibadilisha mpira wa mfuniko wake. Kasoro zake ni mbili. Ni la polepole, kwa sababu nusu lita ya maji huchukua kati ya dakika 7 na 10, na mwali wake karibu hauonekani mchana. Shikilia kiganja juu ya jiko kwa umbali wa sentimita 30 kabla ya kuamini kwamba limezimika, na usiongeze spiriti kwenye jiko ambalo halijapoa kabisa. Mwali usiouona unaweza kupanda kupitia mkondo wa spiriti hadi kwenye chupa iliyo mkononi mwako. Nunua spiriti yenye ethanoli. Methanoli, alkoholi ya aina nyingine, ni sumu inayopenya hata kwenye ngozi, na ikimezwa huweza kupofusha na kuua, kwa hiyo chupa ya spiriti isifanane kamwe na chupa ya maji.

Vidonge vya nishati kavu, vilivyotangazwa kwa jina la Esbit tangu mwaka 1936, ni vyepesi na havimwagiki. Kidonge kimoja cha gramu 14 huwaka kwa takriban dakika 12 na hutosha kuchemsha karibu nusu lita mahali pasipo na upepo. Vinanuka na huacha utando unaonata chini ya sufuria. Mimi hubeba viwili kama akiba, si zaidi.

Kuni hazina bei wala uzito, na jiko dogo la bati lenye kuta mbili huchoma vijiti vya unene wa kidole kwa usafi wa kuridhisha. Lakini baada ya siku mbili za mvua utatumia saa nzima kutafuta kijiti kikavu, na masizi yatahamia kwenye kila kitu ndani ya begi. Majiko ya mafuta ya taa na petroli, ambayo babu yao ni Primus ya mwaka 1892, yanafaa kwa baridi kali na safari za wiki nyingi. Bei na matengenezo yake yanayaondoa kwenye bajeti tunayoizungumzia.

Hatua ya 3: Pima mzigo mzima kwa safari yako

Rudi sasa kwenye zile lita 4.5 za usiku 3. Kwa gesi utahitaji karibu gramu 68, ambazo kopo dogo la gramu 100 linazitosheleza na kubakiza akiba. Kopo hilo likiwa limejaa lina uzito wa karibu gramu 200 kwa sababu ya chuma chake. Ongeza jiko la gramu 80 na jumla ni gramu 280. Kwa spiriti utahitaji gramu 135, ambazo ni karibu mililita 170; ongeza jiko la kopo la soda, kishikilia sufuria, kinga ya upepo na chupa, kama gramu 80 kwa pamoja, na jumla ni gramu 215. Spiriti imeshinda, tena chupa inazidi kuwa nyepesi kila siku ilhali chuma cha kopo la gesi unarudi nacho nyumbani.

Watu wawili kwa usiku 7 watahitaji lita 21. Spiriti inakuwa gramu 630, na vifaa vyake vinaifikisha zaidi ya gramu 700. Gesi ni gramu 315, ambazo zinaingia kwa kubana kwenye makopo mawili, la gramu 230 na la gramu 100. Pamoja na jiko, jumla ni karibu gramu 660. Tofauti ni ndogo, na hapo muda unakuwa hoja yenye uzito zaidi, maana watu wawili wenye njaa wakisubiri spiriti ichemshe lita moja na nusu kwa mafungu wataelewa haraka kwa nini wenzao hununua gesi.

Fanya hesabu hii kwa safari unazozifanya kweli. Anayelala nje mara nne kwa mwaka, usiku mmojammoja, hana sababu ya kununua jiko la msafiri wa miezi miwili.

Hatua ya 4: Shughulikia upepo

Niliwahi kupiga kambi kwenye ukingo wa mlima, nikiwa na jiko jipya la gesi na kopo lililojaa nusu. Upepo haukuwa mkali. Hema lilikuwa likitikisika tu. Mwali ulilala upande mmoja kama nyasi, sufuria ikapata moto ubavuni badala ya kwenye kitako, na baada ya dakika 15 maji yalikuwa na viputo vidogo pembeni bila dalili ya kuchemka. Nilipohamia nyuma ya jiwe kubwa hatua kumi kutoka pale, maji yaleyale yalichemka kabla sijamaliza kufungua pakiti ya chakula, lakini gesi ya asubuhi ilikuwa imekwisha. Upepo wa kawaida tu huweza kuongeza matumizi ya gesi mara mbili au zaidi, na hakuna nguvu ya jiko inayofidia hasara hiyo.

Kwa sababu hiyo, unapolinganisha majiko ya gesi angalia kichwa chake. Kichwa kipana chenye ukingo ulioinuka, ambacho matundu yake yamezama chini ya ukingo huo na karibu na kitako cha sufuria, hustahimili upepo vizuri kuliko kichwa chembamba kinachorusha mwali mrefu kama mshumaa. Kichwa kipana pia husambaza joto, jambo utakalolithamini siku utakapotaka kupika kitu kizito kisiungue katikati.

Kinga ya upepo ya spiriti tengeneza mwenyewe kwa karatasi nene ya alumini au sinia la alumini la kutupwa: kata ukanda unaozidi mzingo wa sufuria kwa sentimita chache, toboa matundu ya hewa upande wa chini, na acha nafasi ya sentimita moja hivi kati yake na sufuria.

Kinga hiyohiyo usiizungushe kwenye jiko la gesi linalokaa juu ya kopo. Joto litarudi chini, kopo litapata moto, na shinikizo lake linaweza kupanda hadi kulipasua. Kwa jiko la aina hiyo, kinga upande mmoja tu, ule upepo unakotoka, kwa jiwe, begi lililowekwa mbali kidogo au bati lililosimamishwa, kisha gusa kopo mara kwa mara. Likianza kuwa na joto mkononi, ondoa kinga. Anayetaka kuzungushia jiko la gesi pande zote anunue lile linalokaa chini na kuunganishwa na kopo kwa mpira mrefu. Ni zito zaidi kwa gramu 100 hivi na bei yake iko juu, lakini halipinduki kirahisi, na kama lina kijibomba kinachopita karibu na mwali, kopo linaweza kugeuzwa kichwa chini wakati wa baridi ili kimiminika chenyewe kiende kwenye moto.

Hatua ya 5: Sufuria na mfuniko

Sehemu hii ni fupi. Titani ni nyepesi na ghali, na haisambazi joto, hivyo inafaa kwa maji tu. Alumini iliyogumishwa uso kwa umeme ni nzito kidogo, ni ya bei nafuu na inapika vizuri; ndiyo chaguo langu kwa bajeti hii. Sufuria pana hunasa mwali mwingi kuliko kikombe kirefu chembamba. Ujazo wa mililita 750 unamtosha mtu mmoja, na mfuniko ni wa lazima, hata ukiwa kipande cha karatasi ya alumini kilichokunjwa ukingoni. Hakikisha pia kwamba kopo dogo la gesi na jiko vinaingia ndani ya sufuria. Nafasi ndani ya begi nayo ni mali.

Hatua ya 6: Likague jiko la bei nafuu kabla ya kulipa

Fungua mikono ya kushikilia sufuria na uisukume kwa kidole. Ikicheza sana au ikiwa na chuma chembamba kama kisu cha kopo, itapinda ikishika moto mkali chini ya lita moja ya maji. Weka sufuria yako juu yake, kama muuzaji anaruhusu, na uone kama kitako kinatulia au kinateleza. Zungusha kitasa polepole kutoka mwanzo hadi mwisho: kinapaswa kuwa na ukinzani ulio sawa, bila kuruka, kwa sababu kitasa kinachoruka hakitakupa moto mdogo. Chungulia ndani ya hesi uone ringi ya mpira. Iwe laini, nzima na imekaa mahali pake. Usilipie zaidi kwa ajili ya kiwashio cha kubonyeza, maana huharibika mapema na kiberiti cha gesi bado utalazimika kukibeba.

Jiko lililotumika ni ununuzi mzuri mradi ringi ya mpira inapatikana. Jiko la gesi lisilo na jina la mtengenezaji wala alama yoyote ya usalama liache, hata likiwa la bei ya kutupa.

Hatua ya 7: Lijaribu nyumbani, nje ya nyumba

Funga jiko kwenye kopo ukiwa mahali pa wazi, mbali na moto, na upake maji ya sabuni kwenye kiungo. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Fungua, angalia mpira na urudie, na kama bado inavuja rudisha jiko ulikolinunua. Kisha pima kopo kwenye mizani ya jikoni, chemsha nusu lita huku ukihesabu dakika, na upime tena. Zidisha tofauti mara mbili na umepata gramu kwa lita za jiko lako mwenyewe. Rudia kwa moto wa wastani. Mara nyingi utakuta moto mkubwa umeokoa dakika moja au mbili na kula gesi nyingi zaidi, kwa kuwa mwali unaopanda ubavuni mwa sufuria unapasha hewa.

Andika kwa kalamu ya wino usiofutika uzito uliobaki ubavuni mwa kila kopo baada ya kila safari. Ukitoa uzito wa chuma, ambao utaujua ukipima kopo lililoisha, utajua gramu zilizobaki bila kukisia, na hutanunua kopo jipya kwa ajili ya wasiwasi.

Hatua ya 8: Matumizi kambini

Pika nje ya hema. Kila moto hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na ndani ya hema lililofungwa huua mtu akiwa usingizini. Mvua ikikulazimisha kukaa karibu, kaa wewe ndani na jiko liwe nje chini ya ukumbi wa hema, milango yote ya ukumbi ikiwa wazi juu na chini, na usipashe moto hema kwa jiko hata usiku uwe wa baridi kiasi gani. Ondoa nyasi kavu na majani kwa upana wa mita moja, tafuta ardhi tambarare au jiwe bapa, na weka maji ya akiba karibu kabla ya kuwasha.

Ukimaliza, funga kitasa, subiri jiko lipoe na uling'oe kwenye kopo kabla ya kulala, kwani kitasa kinachosuguana na vitu ndani ya begi huweza kufunguka kidogo na kumwaga gesi usiku kucha. Kopo lililoisha rudi nalo. Lichome gesi yake ya mwisho hadi mwali uzime wenyewe, liache kwa muda nje vali ikiwa wazi, na ulitoboe kwa kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo pale tu unapokuwa na uhakika kwamba halina kitu, kisha ulipeleke linakokusanywa chuma chakavu.